Mlima Huu Unamtisha Nani?

Kuna picha moja ambayo bila shaka umekwisha kuiona, ndugu msomaji, hata kama jina la aliyeichora hulijui. Mwanamume amesimama juu ya jabali, ametupa mgongo, mkongojo mkononi, koti la kijani iliyokolea, nywele zinapeperuka. Mbele yake ukungu umefunika mabonde yote, na vilele vya miamba vinachomoza humo kama visiwa. Wachapaji wa vitabu wanaipenda mno: ikitoka falsafa wataibandika, yakitoka mashairi wataibandika, na siku hizi hata kwenye fulana imo. Mchoraji wake ni Caspar David Friedrich, Mjerumani aliyezaliwa Greifswald mwaka 1774 na kufia Dresden mwaka 1840. Picha yenyewe, Msafiri Juu ya Bahari ya Ukungu, aliichora mnamo 1818, na imo katika jumba la sanaa la mjini Hamburg.

Mimi simo katika chama cha wanaoiabudu picha hiyo. Sisemi ni mbovu. Anayesema Friedrich hakujua kuchora ana lake jambo. Ninachosema ni kwamba inatudanganya kidogo juu ya kile inachodai kutuonyesha, na kwamba udanganyifu huohuo umejaa katika mashairi ya mlima na bahari tunayoandika sisi vijana wa mjini, tena wengine tukiwa hatujawahi kuukanyaga huo mlima. Kwa hiyo naomba tuitazame kwa makini, pamoja na jamaa zake.

Kwanza tulipe jina jambo lenyewe. Wachoraji wa mandhari wa Ulaya na Marekani, tangu miaka ya 1750 hivi hadi karibu na mwisho wa karne ya 19, walishikwa na homa ya vitu vikubwa vya kutisha: milima ya theluji, maporomoko ya maji, volkano, dhoruba za baharini. Uzuri waliokuwa wakiutafuta haukuwa ule wa ua au wa uso wa msichana. Ulikuwa uzuri wa kukukaba koo. Wafasiri wetu huuita utukufu, wengine fahari. Sikubaliani nao. Utukufu tayari una wenyewe, msikitini na kanisani. Fahari inanukia gwaride. Lugha yetu ina neno la zamani ambalo naona limelala tu bila kazi: kicho. Mzizi wake ni uleule wa mcha Mungu. Ni hofu, lakini hofu yenye heshima ndani yake, ya mtu anayetetemeka na bado hataki kuondoka. Basi katika makala haya nikisema kicho, ujue nina maana hiyo.

Aliyekipa kicho nadharia kubwa katika zama hizo ni Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30 alipochapisha kitabu chake mwaka 1757. (Wenzangu mnaosema bado mapema kuandika uhakiki, mnasikia?) Burke alitenga mambo mawili: uzuri wa kawaida, ambao ni wa vitu vidogo, laini, vyororo, na kicho, ambacho chanzo chake ni woga. Ukubwa usiopimika, giza, nguvu, ukimya, upweke, hayo ndiyo yanayokizaa. Lakini akaweka sharti, na hapo ndipo penye mgogoro wangu: hatari ikikusogelea mno hakuna raha yoyote, ni kuogopa tu. Lazima kuwe na umbali. Kwa lugha ya kwetu, simba wa kwenye kitabu na simba wa kwenye njia ya kisimani ni simba wawili tofauti.

Mwaka 1790 Immanuel Kant akalipokea sharti hilo na kulipeleka mbali zaidi. Majabali yanayoning'inia, radi, volkano, vimbunga, vyote vinavutia, kasema, mradi sisi tuko mahali salama. Tena akadai kwamba kicho hakimo mlimani kabisa. Kimo ndani ya akili ya mtazamaji, pale inapogundua kwamba ingawa mwili wake ni unyasi mbele ya mlima, fikra zake zinauzidi. Hoja nzito, sikatai. Ila kumbuka ni hoja ya bwana aliyeishi maisha yake yote Königsberg na sehemu za jirani, karibu na Bahari ya Baltiki, na ambaye milima ya Alps hakuiona hata siku moja.

Katika kitabu hichohicho kuna mtu mmoja anapita harakaharaka, halafu hatumwoni tena. Ni mkulima wa Savoy, huko kwenye Alps zenyewe. Kant alimpata katika maandishi ya msomi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, ambaye alikuwa mpanda milima hasa. Mkulima huyu, mtu mwema na mwenye akili zake kwa maelezo ya Kant mwenyewe, aliwaona wote wanaopenda milima ya barafu kuwa ni wajinga. Basi, ni hilo tu. Kant anamleta kama mfano wa mtu ambaye hajalelewa kifikra kiasi cha kukionja kicho, mtu anayeona taabu na hatari tupu pale ambapo sisi tulioelimika tunaona ukuu.

Jamani! Mtu ambaye maporomoko ya theluji yanaweza kumfukia yeye, mkewe na ng'ombe wake kwa usiku mmoja anaambiwa haujui mlima, na anayemwambia hivyo mlima hajauona. Naona mkulima yule alikuwa na woga wote anaoutaka Burke, labda na wa akiba. Kilichopungua kwake ni ule umbali, na umbali hauokotwi, unanunuliwa.

Mgongano wa aina hiyo ulitokea kwetu pia, tena kwa Kiswahili. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akitoka pwani ya Mombasa kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Kiongozi wa msafara wake hakumtajia theluji wala utukufu. Alimwambia kwamba ile ni baridi. Rebmann akaandika habari zake, na huko London mabwana wa jiografia, William Cooley akiwa mbele, wakabisha kwamba karibu na ikweta theluji haiwezekani. Watu hupenda kuucheka ubishi wa Cooley. Mimi ninalolipenda ni lile neno moja la kiongozi. Baridi! Hilo ni neno la ngozi, si la macho. Mlima umeelezwa kwa kile unachokufanyia ukiukaribia.

Kutokana na hao wawili, mkulima na kiongozi wa msafara, nimejitengenezea kipimo changu cha picha za namna hii. Sianzii juu kwenye mawingu, ambako mchoraji anataka niende. Naanzia chini kabisa, karibu na fremu, nauliza: miguu ya mtazamaji iko wapi? Mchoraji kanipa pa kusimama? Na je, kuna mtu aliyekuwa amesimama hapo kabla yangu?

Mpime basi yule msafiri wa Friedrich. Jabali lake ni zito, jeusijeusi, limeshika sehemu ya chini ya picha na halina dalili ya kutikisika. Mguu mmoja kautanguliza, kama mtu anayepigwa picha ya ukumbusho. Ukungu wote uko chini yake. Kwa kuwa ametupa mgongo, sisi tunalivaa koti lake: tunaona anachokiona kwa kupitia mwili wake, ambao umewekwa katikati ya picha kama msumari. Sasa niambie, kinachotukuzwa hapo ni mlima au ni koti? Tena usidhani ni picha kubwa. Ina kimo cha sentimita 95 na upana wa 75 hivi, ukubwa wa dirisha la kawaida tu, na kwa sababu hiyo ndiyo maana inakaa vizuri kwenye jalada la kitabu. Miamba yake Friedrich aliichora kwa penseli sehemu mbalimbali za milima ya mpakani mwa Saxony na Bohemia, kisha akaiunganisha akiwa studio. Hilo silihesabu kuwa kosa, karibu wote walifanya hivyo. Lawama yangu ni ile starehe. Jamaa haogopi kitu.

Lakini Friedrich huyohuyo, anapoacha kumbembeleza mtazamaji, si mchezo. Kati ya 1808 na 1810 alichora Mtawa Kando ya Bahari, picha iliyoko Berlin. Mtu mmoja mdogo kama punje, ukanda mwembamba wa mchanga, bahari nyeusi, halafu anga, anga, anga. Hakuna kingine. Wataalamu walipoichunguza kwa mionzi waligundua kwamba mwanzoni alikuwa amechora na merikebu, kisha akazifuta. Fikiri ujasiri huo wa kufuta! Sisi tukipata merikebu moja nzuri katika shairi hatuiachii hata kwa bunduki. Pa kusimama pale papo, lakini ni mchanga tu, na mtawa haonekani kujua aelekee wapi.

Halafu kuna Bahari ya Barafu, ya 1823 hadi 1824. Mabamba ya barafu yamepandana na kuchongoka kama vigae vya nyumba iliyobomolewa, na pembeni, ukitazama vizuri, unaona sehemu ya merikebu iliyosagwa. Hakuna mtu. Hakuna jabali la kuegemea. Friedrich hakuwahi kufika Kaskazini ya mbali. Barafu aliisoma kwenye mto Elbe ulipoganda. Ila aliijua kwa njia nyingine pia: akiwa na miaka 13 ndugu yake alizama na kufa, na inasimuliwa kwamba barafu ilivunjika na ndugu huyo alikuwa akijaribu kumwokoa Caspar. Picha hii haikupata mnunuzi hadi mchoraji anakufa. Siwalaumu sana matajiri wa wakati ule. Nani anataka kula chakula cha jioni mbele ya kitu kama kile?

Huko Marekani mambo yalikuwa mengine, maana kicho kilikuwa na wateja. Mwaka 1859 Frederic Church alionyesha picha yake Moyo wa Andes mjini New York, watu wakapanga foleni kwa maelfu na kulipa senti 25 kila mmoja, wakishauriwa waje na darubini ndogo za ukumbini ili waone vizuri kila jani. Picha moja! Ilikuwa sinema kabla ya sinema. Mimi Church namheshimu kama fundi, lakini sina zaidi ya kusema. Anayenishughulisha ni Thomas Moran.

Mwaka 1871 Moran alifuatana na msafara wa kijiolojia wa Ferdinand Hayden kwenda Yellowstone. Michoro yake ya rangi za maji, pamoja na picha alizopiga mwenzake William Henry Jackson, ilionyeshwa kwa wabunge, na tarehe 1 Machi 1872 Rais Grant akatia saini sheria iliyoifanya Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka huohuo Moran akamaliza mchoro wake mkubwa wa rangi za mafuta wa korongo la Yellowstone, upana wake unazidi mita 3.5, na Bunge la Marekani likaununua kwa dola 10,000. Mwanga wa dhahabu unamiminika kwenye kuta za korongo, mbali kabisa maporomoko ya maji yanatoa moshi. Nikiiangalia, hata kwenye kitabu, hata kwenye skrini (ninavyoiona mimi, na ninavyoiona pengine wewe), moyo unaruka. Rangi zile ni babu kubwa.

Sasa shuka chini, kwenye fremu. Kuna ukingo wa mwamba, umenyooka na salama, umewekwa tayari kwa mgeni. Juu yake watu wadogo kama siafu: Mzungu anaelekeza mkono kwenye korongo, na karibu naye yuko mwenyeji wa asili. Mmoja anaonyesha, mwingine kama vile anaonyeshwa. Anaonyeshwa kwao! Watu walikuwa wameishi na kuwinda katika nchi ile kwa zaidi ya miaka 10,000. Watukudika, ambao ni tawi la Washoshoni, walikuwa bado wamo. Haikupita hata miaka kumi wakawa wamesukumwa nje, kwa sababu watalii walitakiwa wakute pori lisilo na mtu. Na sikia kilichonoga zaidi: ikaenezwa hadithi kwamba wenyeji hawakuwahi kuishi pale kwa kuwa waliziogopa zile chemchemi zinazorusha maji ya moto. Yule mkulima wa Savoy kazaliwa upya! Anayeujua mlima anaitwa mwoga, aliyefika jana ndiye mwenye kicho.

Mpango huo wa kuipenda nchi kwa kuitoa watu ulifika hadi kwetu. Mwaka 1959 Wamasai walitolewa katika hifadhi ya Serengeti. Sisemi picha ya Moran ndiyo iliyowatoa. Picha haina askari. Ila ukingo ule wa mwamba, wenye nafasi ya mgeni mmoja anayenyoosha mkono, mimi nauona katika kalenda nyingi sana za utalii.

Nimemweka mwisho J. M. W. Turner, mtoto wa kinyozi wa London, kwa sababu yeye ndiye aliyelielewa suala la miguu. Mwaka 1842 alionyesha picha ya merikebu ya moshi ndani ya dhoruba ya theluji, na akatangaza kwamba mwenyewe alikuwemo baharini usiku ule. Inasimuliwa kwamba alijifungisha kwenye mlingoti kwa saa nne ili aione. Wataalamu wengi hawaamini, na mimi siamini. Mzee alikuwa na miaka zaidi ya 60, bwana. Lakini hata kama ni fiksi, angalia ni fiksi ya namna gani: mtu anataka tusadiki kwamba hakuwa ufukweni, kwamba alikubali kunyang'anywa pa kusimama.

Miaka miwili kabla, mwaka 1840, alikuwa ameonyesha kitu kikubwa zaidi, picha ya wafanyabiashara wa watumwa wakiwatosa baharini waliokufa na wanaokata roho, kimbunga kikiwa kinakuja. Picha hii wengi huihusisha na merikebu ya Uingereza iliyoitwa Zong, ambayo mwaka 1781 mabaharia wake waliwatosa Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, kisha wenye merikebu wakadai fidia ya bima kama ya mzigo uliopotea. Turner hakuchora mahakama wala bima. Kachora bahari. Jua linazama katikati, njia ya mwanga mweupe inalipasua anga jekundu, mawimbi yanainuka, merikebu iko kushoto na inakimbilia dhoruba. Ukiitazama kutoka upande wa pili wa chumba, nadhani utasema ni machweo ya ajabu na kwisha.

Ukifika chini ndipo unapokoma. Upande wa kulia, karibu kabisa na fremu, mguu wa binadamu unachomoza majini, mtupu, na pingu juu yake. Samaki wanaufuata, ndege wameushukia. Mikono hapa na pale. Minyororo inaelea juu ya maji, jambo ambalo chuma hakifanyi, na wapo waliomcheka Turner kwa hilo. Wacheke. Yeye alitaka minyororo ionekane. Na wewe uliyekuja kutazama, umesimama wapi? Hakuna jabali, hakuna ukingo, hakuna hata ule mchanga wa mtawa. Mbele ya picha yote ni maji. Umbali anaoudai Burke umeondolewa, na uzuri haujaondoka, na ndiyo maana picha inauma: jua lile ni zuri kwelikweli, zuri kupita la Moran, nalo linawaka juu ya mguu ule bila aibu yoyote.

Wapo wanaosema Turner alikosea kuchanganya, kwamba uzuri wa namna ile unapamba mauaji. Hoja hiyo naiheshimu na nimekaa nayo muda mrefu. Lakini ushahidi wangu ni John Ruskin, mhakiki aliyempenda Turner kuliko wote. Mwaka 1843 Ruskin aliandika ukurasa mrefu mtamu juu ya picha hii, bahari yake, rangi zake, mwanga wake, akasema kama angelazimika kuchagua kazi moja ya kumpa Turner uzima wa milele angechagua hiyo. Na wale watu? Habari kwamba merikebu ile ni ya watumwa na kwamba bahari imejaa maiti aliiweka kwenye tanbihi. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo! Ruskin hakuwa mjinga, wala macho yake hayakuwa mabovu. Alikuwa amefundishwa, kama wote wa zama zile, kwamba kicho kinakaa juu, angani na kwenye mawimbi. Mwaka 1844 baba yake akamnunulia picha yenyewe. Ikaning'inia nyumbani kwake miaka mingi, hadi akaamua kuiuza, kwa kuwa mada yake ilimwia nzito kuishi nayo. Ikavuka Atlantiki na iko Boston. Kama Turner alikuwa amepamba tu, Ruskin angekaa nayo hadi kufa.

Sasa sisi. Mashairi yetu ya Kilimanjaro nimeyasoma ya kutosha: kilemba cheupe, mzee mwenye mvi, mlinzi wa taifa, mita 5,895 za heshima. Karibu yote yameandikwa kutoka dirishani mwa basi la kwenda Moshi au Arusha, siku ambayo mawingu yamefunguka. Hakuna ubaya kuandikia ndani ya basi, lakini basi, liseme basi, tulione na kioo chake na abiria aliyekuegemea kwa usingizi. Wakati huohuo wapo vijana wa rika letu wanaoupanda mlima ule mara kwa mara kwa kibarua, mizigo ya wageni kichwani, chakula, mahema, viti vya kukunja. Wanapofika juu mgeni anapigwa picha, mguu mmoja mbele. Shairi la mpagazi bado sijalisoma. Anayemfahamu mmoja anayeandika amwambie alete, hata kama limechapwa vibaya.